Joho la Swabir na Kompyuta Iliyobisha Hodi Hotelini

“Bibi, ondoa mkono wako hapo.”

“Mkono wangu uko hapa tangu asubuhi. Wewe ndiye umeuona sasa.”

“Nimesema uondoe. Vitu vilivyomo humo si vyangu wala si vyako.”

“Vya nani, basi? Mwite mwenyewe aje akae hapa, alimalize joho la watu.”

Mjukuu wangu Mwanarusi akakikodolea macho kioo cha kompyuta. Kiduara cheupe kilikuwa kinazunguka tu, mfano wa ngamia wa kinu cha mafuta. Mezani, chini ya sindano ya mashine ya kutarizi, lilikuwa limelala joho jeusi la bwana harusi. Kifua cha kulia kilijaa zari, maua na majani yamepandana hadi shingoni. Kifua cha kushoto kilikuwa kitupu. Na nikaha ni siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, hapa hapa Msambweni.

Stima ilikuwa ikikata na kurudi tangu kulipopambazuka. Ikikata, mashine ya kutarizi husimama sindano ikiwa hewani. Ikirudi, mashine iko tayari, yangoja kuambiwa tu na kompyuta ichome wapi. Lakini kompyuta nayo ndiyo hiyo. Kabla haijafunguka, stima imeshakwenda tena. Upande wa kushoto ulikuwa haujapata hata ua moja.

Asiyeijua kompyuta ya mjukuu wangu atadhani naongeza chumvi. Siku moja aliiwasha, kuku wangu mwekundu akapanda kikapuni akaatamia. Ilipofunguka, vifaranga walikuwa wanachakura uani. Na mayai yenyewe yalikuwa ya bata. Waulize majirani. Wakikwambia si kweli, ujue siku hiyo walikuwa wamekwenda Ukunda.

Mwanarusi nimemlea mimi. Hodari, mpole, mkono wake mwepesi, kofia yake ya kwanza aliishona kabla hajaota meno ya ukubwani. Ana ugonjwa mmoja tu: amana. Mtu akimwachia kitu, amekwisha. Alipokuwa mdogo, jirani yetu mmoja alikwenda Wasini kumwangalia bintiye aliyejifungua, akamwachia kikapu cha ndimu, akamwambia, “Niwekee mwanangu, nitarudi kesho.” Kesho ile ikawa ya miezi. Ndimu zikanyauka, zikakauka, zikawa ngumu kama gololi. Mimi nina samaki wangu jikoni, nataka ndimu moja tu, nyumba nzima yanuka ndimu, na mtoto amekikalia kikapu kama askari wa benki. Siku ile jirani alipovuka kurudi, alikabidhiwa gololi zake zote. Alicheka hadi akaketi chini. Mwanarusi hakucheka. Alisema, “Zihakikishe, mama.”

Basi akakua nao ugonjwa ule. Akawa fundi wa nguo, akashonea hoteli moja ya Diani sare za wafanyakazi kwa miaka mingi. Huko alijuana na Baya, fundi wa kompyuta wa hoteli, mtu wa pande za Kinango, mrefu kiasi kwamba akiingia kwangu huinama hata akiwa uani. Hoteli ikafungwa. Kila mfanyakazi akapewa cha kwenda nacho kwao: huyu godoro, yule masufuria, Baya akapewa kompyuta ya mapokezi. Kwao hakuna stima, kuna mbuzi. Akaibeba akaileta kwa Mwanarusi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata mashine ya kutarizi, ile ambayo bila kompyuta ni meza yenye sindano.

“Itumie kama yako,” akamwambia, nami nilikuwepo namkaangia mihogo. “Ila vitu vya kazi vilivyomo humo uniwekee. Wasema hoteli itafunguliwa tena. Ikifunguliwa nitakuja kuvichukua.”

Mwanarusi akasema, “Nimepokea.” Mimi nikajua ndimu zimerudi.

Tangu hapo, kila ikiwashwa, ile kompyuta yaamka ikidhani ingali mapokezi. Fundi mmoja wa Ukunda, kijana aitwaye Kavumbi, aliifungua akaitazama, akamwambia Mwanarusi: “Madam, mashine yako iko sawa, haina makosa. Ila ikiamka, kabla haijakufungulia, inabisha hodi hoteli nzima. Inaita sava, ile kompyuta kuu ya ofisini, haijibiwi, inangoja. Inaita printa ya jikoni, haijibiwi, inangoja. Inauliza kama kuna mtu anataka kupitisha faksi. Inamfungulia mlango bosi wa ng’ambo, eti aingie kutoka huko aliko. Hizo zote ni huduma za mtandao, na wewe hapa huzihitaji hata moja. Niruhusu nizizime.”

Mwanarusi akaikwapua kompyuta mezani kwa Kavumbi, akarudi nayo Msambweni ameipakata kama mtoto wa homa.

Nikamwambia, “Sasa si umpigie Baya umuulize?”

Akanijibu, “Bibi, mtu amekuachia kitu akitumaini kazi yake itarudi. Umpigie umwambie nini? Kwamba wewe umeshakata tamaa kwa niaba yake?”

Tangu siku hiyo nikawa naivizia kompyuta ile. Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa nimeuweka mkono pale mezani. Kusoma sijui, lakini kubonyeza ni kubonyeza.

“Mwanarusi,” nikamwambia, “joho hili ni la Swabir. Mamake, Maimuna, amekuletea joho la marehemu mumewe limeliwa na nondo, ukalitazama ua kwa ua, ukaliingiza humo ndani ya kompyuta, ukamwahidi mwanawe ataoa akiwa amevaa maua ya babake. Ahadi hiyo nayo si amana?”

“Ni amana.”

“Sasa amana mbili zinapigana nyumbani kwangu, na wewe umekaa.”

“Ndiyo nawaza.”

“Wawaza hadi alasiri?”

“Bibi, nitalimalizia kwa mkono.”

“Kwa mkono utalimaliza Swabir ana wajukuu.”

Hapo simu yake ikalia. Nikaiwahi mimi. Alikuwa Maimuna mwenyewe, sauti yake imepanda juu kama ya mtu aliyekaribisha wageni kuliko viti.

“Shikamoo mama. Joho lipo tayari? Nimtume mtu?”

“Marahaba mwanangu. Limekwisha tangu jana,” nikamwambia. “Lakini usimtume mtu. Joho la zari nzito namna hii hufukizwa udi. Lafukizwa taratibu, moshi uingie uzi kwa uzi. Ukilitoa mapema maua husinyaa.”

“Maua ya uzi husinyaa?”

“Ya uzi ndiyo hasa. Ya bustanini yana mizizi.”

Maimuna akashukuru, akaniombea dua ndefu, akakata. Mwanarusi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

“Limekwisha tangu jana?” akauliza polepole.

“Upande wa kulia umekwisha tangu jana. Sikumtajia upande.”

“Bibi, wewe utanizika.”

“Inshallah utanizika wewe. Nenda ukatawadhe, adhana ya adhuhuri hiyo.”

Akaenda, kwa kuwa kwa Mwanarusi swala haingojeshwi hata kwa joho la sultani. Akaiacha simu mezani. Nami nimesema kusoma sijui, lakini Baya kwenye simu ile ana picha ya beberu. Nikambonyeza beberu.

Ikaita, ikaita, akapokea. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia kama wanaohojiwa.

“Haloo, Mwanarusi?”

“Ni bibi yake.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Baya. Habari za huko?”

“Njema, bibi. Na nyinyi?”

“Sisi salama, alhamdulillahi, ila Mwanarusi yuko hoi. Hali, halali, amekonda amekuwa kama fimbo ya kuchungia.” Asubuhi ile alikuwa amekula mahamri manne na mbaazi, lakini Baya hakuwepo kumuona.

“Ameugua nini?” Nikasikia ameacha kutembea.

“Ameugua amana yako.”

“Amana gani?”

Hapo nikajua kila kitu: mwenye amana ameshaisahau. Nikamweleza hata hivyo, tangu kiduara hadi joho. Mbuzi walidakia kila neno. Kisha Baya akasema, kwa sauti ndogo kuliko urefu wake:

“Hadi leo anavitunza?”

“Hajagusa hata kimoja. Kavumbi alitaka kuzima, nusura apigwe.”

“Mimi nilisahau, bibi. Si kwamba nilisahau, nilijilazimisha kusahau.” Akawafukuza mbuzi wamwondokee. “Ile hoteli imebomolewa. Nilipita mwaka juzi. Hata ukuta wa mapokezi haupo, pana ng’ombe wa mtu wanakula majani. Sava yenyewe iliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu.”

Nilipogeuka, Mwanarusi alikuwa ameshaswali, amesimama mlangoni na mtandio wake wa kuswalia, maji ya udhu yangali yang’aa miguuni. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Akanyosha mkono. Nikampa simu, nikajifanya natafuta miwani, nami sina miwani.

“Baya,” akasema. “Samahani kwa usumbufu. Huyu bibi…”

“Mshukuru bibi,” Baya akamwambia. Simu ile huongea kwa sauti, hata aliye barabarani husikia. “Mwanarusi, umenitunzia vitu ambavyo mimi mwenyewe sikuvitunza. Nimepokea. Amana yako imefika.”

“Nikakuletee?”

“Uniletee wapi, kwa mbuzi? Hakuna cha kuleta. Kompyuta yako inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na milango. Tuinyamazishe, ipumzike.”

“Sitaki kufuta kitu chako, Baya.”

“Hatufuti. Tunazilaza tu hizo huduma, zisijiwashe zenyewe. Zitakuwepo humo humo. Siku ukizitaka, unaziamsha.”

Mwanarusi akashusha pumzi. Nililiona kwa macho yangu lile bega lake la kushoto, lililokuwa limepanda juu tangu hoteli ifungwe, likishuka likarudi mahali pake. Akaketi. Akaniambia, “Bibi, nishikie simu, na usiseme neno.”

Nikamshikia. Nilisema maneno machache tu.

Stima ilikuwepo, na kiduara kilikuwa kimekwisha safari yake. Baya akamwambia ashike kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, kisha akamtajia neno la kuandika, herufi kwa herufi, huku akimfokea mbuzi mmoja ashuke juu ya kitu. Likafunguka jedwali refu, mistari imepangana kama watu wa foleni ya hospitali.

“Hizo ndizo huduma zote,” Baya akasema. “Usiogope wingi wake. Nyingi ni za kompyuta yenyewe, hizo tuziache. Tafuta iliyoanza na jina la hoteli.”

“Naiona.”

“Hiyo ndiyo inayoita sava. Ibonyeze mara mbili. Pana mahali pameandikwa kwamba ijiwashe yenyewe kila kompyuta ikiwaka. Umepaona?”

“Nimepaona.”

“Badilisha. Iambie isijiwashe.”

Mwanarusi akakiweka kidole, akasita. Akasema bismillahi, akabonyeza. Nilitegemea kitu kilie. Hakikulia kitu.

“Inayofuata ni faksi. Wewe una faksi?”

“Hata mjomba wangu hakuwa nayo,” nikasema mimi.

“Bibi.”

“Nimenyamaza.”

Wakaenda hivyo, huduma moja moja. Ile ya kugawia kompyuta nyingine printa. Ile ya kumfungulia bosi wa ng’ambo. Kila mara Baya alimwambia kwanza aangalie ni nani mwingine anayeitegemea, kwa sababu huduma hizi zashikana mikono, na ukimlaza mmoja waweza kumwangusha mwenziwe aliye na kazi. Nyingine hakutaka izimwe kabisa, alitaka ingoje hadi iitwe. “Kama fundi,” akasema. “Akae kwake, ukimhitaji umwite. Asije kulala sebuleni kwako kila siku.”

“Sasa izime uiwashe tena,” akamwambia mwishowe.

Mwanarusi akaiwasha upya. Mimi nikajitayarisha kama kawaida, nikatia tambuu mdomoni, nikanyosha miguu, nikajiegemeza ukutani. Sijatafuna, kioo kimefunguka. Nikautazama ukuta kuona kama ndiyo ile ile nyumba yangu.

Mwanarusi alicheka. Alikuwa hajacheka siku tatu, au labda tangu ndimu. Akabonyeza joho litarizwe. Sindano haikushuka. Akabonyeza tena. Mashine imekaa kimya kama mkwe mgeni.

Kicheko kikamkauka. “Baya, kompyuta imefunguka, lakini mashine haisikii.”

“Umeunganisha kwa waya wa mtandao?”

“Ndiyo.”

“Ulizima ipi ya mwisho?”

Mwanarusi akainama. “Kuna moja ulikuwa hujanitajia. Jina lake lilifanana na za hoteli, nikadhani nayo ni ya kulazwa.”

“Hiyo ndiyo mdomo wa mashine yako,” Baya akasema, bila kugomba. “Irudishe ilivyokuwa. Ndiyo maana nasema moja moja, ukikosea ujue ulikosea wapi.”

Akairudisha. Akawasha upya, ikafunguka kwa wepesi ule ule, akabonyeza. Sindano ikashuka. Tak, tak, tak, kisha ikashika mbio, na jani la kwanza la kushoto likachomoza juu ya kitambaa cheusi.

Wala haikupita muda, stima ikakata.

Mwanarusi alifumba macho. Mimi nilitamka neno nisiloweza kulirudia. Upande wa simu Baya akauliza, “Imekata?” nikamwambia imekata. Tukakaa. Jogoo wa jirani akawika, akajijibu mwenyewe. Kisha feni ikaanza kuzunguka, kompyuta ikalia mlio wake mdogo, na kabla sijalimeza lile tambuu kioo kikawa wazi. Mwanarusi akabonyeza, sindano ikaendelea pale pale ilipoachia, katikati ya jani.

“Imeshika,” akasema. Akakiweka kichwa mezani kando ya mashine, akalala hivyo kidogo, mabega yanatikisika. Sikujua kama alia au acheka. Nilimpapasa mgongo tu.

“Usikate simu,” Baya akasema. “Iache wazi, nisikie.”

Basi tukaiweka simu karibu na sindano. Mtu amekaa kwao na mbuzi wake, anasikiliza joho la mtu asiyemjua. Mara moja akasema, “Sauti hiyo ni nzuri kuliko mapokezi.” Stima ikakata mara mbili nyingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka.

Ua la mwisho liliingia shingoni jua likiwa limeanza kuinama. Mwanarusi akakata uzi, akalikung’uta joho, akalinyanyua juu. Kulia na kushoto vimekutana kama watu wa nyumba moja. Baya hakuona, ila nilimwelezea. Nilimwambia zari inamwaga mwanga hadi dari inaonekana ya dhahabu, na paka ametoka nje amefumba macho.

“Sasa lete chetezo,” Mwanarusi akaniambia.

“Cha nini?”

“Umemwambia Maimuna joho linafukizwa. Litafukizwa. Sitaki uongo utoke nyumbani kwangu nusu nusu.”

Nikaleta chetezo, nikatia makaa, nikatia udi, ule wa kwenye kopo langu, nisioutolea hata Idi. Tukalitundika joho juu yake, moshi ukapanda ukaingia mikononi mwake likawa kama limevaliwa na mtu. Mwanarusi aliketi sakafuni, miguu ameinyosha, uso wake umelegea kama wa mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Akasema na simu, “Baya, hiyo kompyuta uje uichukue ukiitaka.”

“Ni yako. Ila nitakuja kula mihogo ya bibi.”

“Njoo,” nikamwambia, “lakini mbuzi waache huko.”

“Bibi,” Mwanarusi akasema, “hivi bega la kushoto halijazidi? Naliona refu.”

“Halijazidi. Ndivyo alivyo Swabir. Wewe humjui yule mtoto? Bega lake la kushoto limekwenda chini tangu alipobeba jiwe la nanga akiwa mdogo, akitembea barabarani watu humpa njia wakidhani atapinda kona. Nakwambia siku ile alipokwenda kuposa, babake msichana alimsogezea kiti upande mmoja, akaketi upande mwi—”

“Hodi.”

Moshi wa udi ulipopasuka, alikuwa amesimama mlangoni Swabir mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, amelifuata joho lake.